Masharubu ya Ami Khemais na Gia Iliyokataa Kuingia

Baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi katika karakana ya magari ya afya hapa Jendouba, Bwana Khemais Ayari, fundi mkuu wa giaboksi, anastaafu rasmi tarehe 31 Januari 2019. Hilo tulilijua tangu mwaka jana. Tukajiandaa, tukachanga, tukaagiza keki. Ambalo hakuna aliyejiandaa nalo ni kwamba mtu tunayemuaga angesimama mbele yetu bila masharubu. Wengi wenu mnaoshika kijitabu hiki mlimpita pale mlangoni bila kumsalimia, kisha mkageuka. Ndiyo, ni yeye. Sisi tuliokuwepo siku yalipoondoka bado hatujarudi sawasawa, na mimi mtunza stoo, niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu ndimi pekee mwenye meza isiyo na grisi, naomba mnivumilie.

Ami Khemais alizaliwa mwaka 1957 Bou Salem, kwa wakulima wa ngano. Aliingia hapa mwaka 1981 kama muosha magari. Hadithi ya kupandishwa kwake cheo inajulikana: fundi mkuu wa enzi hizo alimkuta ameegemeza sikio kwenye bodi ya gari la wagonjwa, akamuuliza anafanya nini, naye akajibu kwamba kuna kitu ndani kinalalamika. Giaboksi ilipofunguliwa, beringi ilikuwa imekwisha kabisa. Kesho yake akapewa spana. Miaka mingi baadaye, akiwa amekwisha kuwa mkubwa na hakuna wa kumnyang'anya spana, alitusimulia kwamba siku ile alikuwa anasinzia.

Lakini usingizi ule ulizaa fundi. Magari ya kubeba wagonjwa, magari ya chanjo, hata trekta moja ambalo hadi leo hatujui lilikuwa la nani, yote yamepita mikononi mwake na yote yameondoka kwa nguvu zake yenyewe. Mafundi aliowafundisha wako Béja, Kef na Siliana, na wote wana ugonjwa mmoja: ukipanda nao gari ukapumzisha mkono juu ya kijiti cha gia, wanakupiga kofi mkononi. Wameupata kwake. Kwenye harusi ya mpwa wake mwenyewe, msafara ukiwa unapiga honi mjini, Ami Khemais alishuka kwenye gari la nyuma, akatembea hadi gari la mbele, akagonga kioo na kumwambia bwana harusi atoe mguu juu ya klachi. Bibi harusi alidhani kuna msiba.

Somo lake kuu kila fundi wa hapa analijua: anzia mguuni. Gari likikataa gia, alikuwa akisema, usikimbilie tumbo. Anza na mguu wa dereva, shuka na pedali, fuata waya wa klachi, ukague klachi yenyewe. Giaboksi ni mlango wa mwisho kubisha hodi, kwa sababu ukishaufungua ule, siku yako imekwisha na ya mwenzako pia.

Na kila giaboksi aliyoifunga aliidhamini kwa masharubu yake. Wageni wa mbali huenda wakaona ni mzaha. Kwetu, mwanamume akishika masharubu yake na kutamka jambo mbele ya watu, limetamkwa. Ami Khemais alikuwa nayo tangu jeshini: mazito, yamepinda ncha, ya rangi mbili kama paka wa sokoni. Alikuwa akiyashika kwa vidole viwili, anasema "hii haitarudi," na gari halirudi. Ilikuwa hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka mwezi huu.

Gari lenyewe mnalifahamu. Ni lile dogo jeupe la mkunga Najoua, linalopanda Ain Sellem na vijiji vinavyoizunguka, huko juu msituni ambako barabara ya lami inaishia. Lina umri mkubwa na limechoka, lakini ni jepesi na linapita mahali ambapo magari makubwa yanazama. Mwaka juzi Ami Khemais aliifunga upya giaboksi yake, kipande kwa kipande, na siku hiyo aliyashika masharubu kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Najoua alikuja akilalamika kwamba gia ya nyuma inakwaruza. Tukamwambia ni baridi, mafuta ya gia yameganda, aliache gari lipate joto kabla ya kuondoka. Akavumilia. Mara baada ya mwaka mpya gia zikakataa zote. Gari lilimzimikia juu kabisa, likavutwa hadi chini na lori la wabeba magome ya mwaloni, na mkunga wetu amekaa ndani yake akishika usukani kwa aibu.

Hali ilikuwa hivi. Ukizima injini, gia zinaingia moja baada ya nyingine, laini, kama mkono kwenye mfuko wa koti. Ukiwasha injini, hakuna hata moja inayokubali. Ukilazimisha, linapiga kelele mpaka watu wa duka la mbele wanatoka nje kutazama.

Jilani, fundi wa pili, ambaye tunamtarajia kushika nafasi ya Ami Khemais na ambaye kwa sababu hiyo anaogopa kila kitu, alianza na waya wa klachi. Nikampa mpya kutoka stoo. Alilala chali sakafuni mwa gari, kichwa chini ya pedali, akaufunga, na akasema kutoka kule chini, "Gari la mkunga lina raha jamani. Hapa mtu anapata usingizi." Tulicheka. Nakumbuka vizuri kwamba tulicheka wote, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini sakafu ya gari iwe na raha.

Waya mpya haukusaidia. Ndipo ikaja habari kwamba tume ya kuondoa magari chakavu itapita kwetu Alhamisi. Utaratibu wa tume hauna huruma lakini ni rahisi: gari linalowashwa mbele yao, likaenda mbele na likarudi nyuma kwa nguvu zake, linabaki kazini. Lisiloweza linafutwa papo hapo na kuuzwa kama chuma. Najoua alikuwa ameshaambiwa wazi kwamba likifutwa hakuna jingine. Wajawazito wa Ain Sellem wangeshuka wenyewe hadi barabarani, kwa punda au kwa miguu, na kule juu theluji ilikuwa inafika magotini.

"Ami," Najoua alimwambia Khemais, amesimama pale uani na kikoba chake, "nina wanawake kule wanaosubiri mwezi huu. Niambie ukweli. Nikawaambie waanze kutafuta punda?"

Nadhani Ami Khemais hakumsikia yeye peke yake. Alikuwa anasikia na minong'ono ya mafundi, kwamba safari hii giaboksi ya mzee imemsaliti, tena akiwa karibu kuondoka. Akaweka chini kikombe cha kahawa, akashika masharubu.

"Giaboksi hii niliifunga kwa mikono yangu," alisema. "Alhamisi tume ikiingia getini na gari halijaingia gia, mtaniona na mdomo mtupu."

"Ami, taratibu," Jilani alimwambia. "Hayo masharubu ni mali ya umma. Huwezi kuyaweka rehani bila kuuliza."

"Nenda kalete jeki."

Na hapo ndipo mtu aliyetufundisha sisi sote kuanzia mguuni alipokwenda moja kwa moja tumboni. Aliishusha giaboksi. Aliifungua mezani kwake, akaikagua jino moja moja, akayapitisha mafuta kwenye kitambaa cheupe kutafuta hata chembe ya chuma. Ilikuwa safi. Akaangalia klachi: nzima. Akaibadilisha hata hivyo. Akaifunga giaboksi, akairudisha, akaisukuma mwenyewe kwa kifua huku Jilani akikaza bolti. Wakawasha. Gia haikuingia.

Akaishusha tena.

Mara ya pili hatukuthubutu kumtania. Jumatano alikula mkate wake amesimama. Mke wake, Bi Wassila, alipiga simu stoo kuniuliza kama mumewe ameugua. Nikamwambia hapana, ni gari. Akasema, "Afadhali angeugua, ugonjwa una dawa," akakata.

Alhamisi asubuhi giaboksi ilikuwa imerudi mahali pake, na gari limesimama katikati ya ua likiwa limeoshwa kama maiti. Ami Khemais akaketi, akawasha, akakanyaga klachi, akajaribu gia ya kwanza. Kelele. Ya pili. Kelele. Ya nyuma, sitaki kuieleza. Wakati huohuo geti likafunguliwa na gari la tume likaingia.

Aliizima injini. Alishuka, akafuta mikono, akavuka barabara hadi kwa kinyozi. Sote tulikuwa tumesimama mstari mmoja ukutani na hakuna aliyemfuata, kwa sababu hakuna aliyeamini. Tulidhani ameenda kuvuta sigara. Aliporudi, sura ilikuwa ya mtu mwingine. Mdomo wa juu ulikuwa mweupe, mwembamba, wa mtu ambaye hatujawahi kumwona. Jilani alivua kofia. Fundi rangi wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, aliketi chini kwenye tairi. Mjue kwamba kuna watu katika karakana hii waliozaliwa na kuoa na kuozesha mabinti, na muda wote huo masharubu yale yalikuwa mahali pake.

Wajumbe wa tume walikuwa bado ofisini wanakunywa kahawa. Najoua alifungua mlango wa gari na kuanza kutoa vitu vyake ili lisiende kuuzwa navyo: sanduku la vifaa, birika, blanketi, mwavuli. Kisha akainama upande wa dereva, akalikunja kapeti la mpira, na akavuta kitu kilichokuwa chini yake. Kikatoka ngozi ya kondoo, nyeupe, yenye manyoya marefu kama kidole. Akaiweka juu ya blanketi. Akainama tena, akavuta ya pili.

Ami Khemais alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale.

"Mkunga," alisema. "Hivyo ni nini?"

"Ngozi, Ami. Za Idi. Nimezitia chumvi na shabu mwenyewe, zimekauka vizuri. Miguu inaniganda kule juu."

"Zimekuwa chini ya kapeti?"

"Sasa nikanyage manyoya meupe kwa viatu vya matope? Nikaweka kapeti juu."

"Uliziweka lini?"

"Hii yangu, theluji ya kwanza."

"Na hii nyingine?"

"Hii ya mama mkwe. Alikuja mwaka mpya, akasema moja haitoshi, akanipa na yake. Ningemkatalia vipi? Angeniuliza kila akipanda..." Hapo mkono wake ukapanda polepole hadi mdomoni.

Ami Khemais alizunguka gari, akaketi kwenye kiti cha dereva, akaangalia sakafu iliyo wazi, bati tupu. Akakanyaga pedali ya klachi. Ikashuka, ikashuka, ikapita pale ngozi zilipokuwa zikiizuia wiki zote hizo, ikagusa bati. Akawasha injini. Akasukuma kijiti kwa kidole kimoja.

Gia ya kwanza ikaingia bila sauti.

Nawaambia ukweli, ningependa kuandika kwamba tulishangilia. Hatukushangilia. Tulisimama kama watu walioona jengo likianguka upande usiotarajiwa. Jilani alikuwa anajishika kisogo, pale pale alipokuwa amekilaza juu ya zile ngozi. Injini ilikuwa inanguruma kwa utulivu, na nyuma ya usukani alikuwa amekaa Ami Khemais na ule mdomo wake mpya, anatazama mbele.

Ndipo tume ikatoka ofisini. Mwenyekiti wake, Bwana Abdelwaheb, anafahamiana na Ami Khemais tangu ujana wao.

"Khemais yuko wapi?" aliuliza. "Nimeambiwa ndiye anayelitetea hili gari."

"Yuko kwenye usukani, Bwana," Jilani akamjibu.

"Dereva namwona. Nauliza Khemais."

Kichwa kikatoka dirishani. "Ni mimi, Abdelwaheb. Sogea nyuma nisikukanyage."

Bwana Abdelwaheb alisogea, lakini si kwa sababu ya gari. Lile gari dogo likaenda mbele hadi ukutani, likarudi nyuma hadi getini bila kukwaruza, likaenda mbele tena, likapanda ngazi ya zege ya kuoshea magari na kushuka upande wa pili. Mwenyekiti aliandika alichoandika bila kuangalia karatasi. Mwishowe akasema, "Gari ni zima. Fundi ndiye anayenitia wasiwasi," akaenda kutafuta kahawa nyingine.

Najoua alikuwa analia. Alikuwa anasema, "Ami, nimekuua, nimekuua mimi," na ni hapo nilipomwona Ami Khemais kwa namna ambayo sikuwahi kumwona. Alizima injini, akamwambia hajafanya kosa lolote. Dereva kazi yake ni kuendesha na kupata joto. Kisha akatuita sote kuzunguka gari.

"Mimi niliwafundisha muanzie wapi?"

"Mguuni, Ami," Jilani akasema.

"Na mimi nilianzia wapi?"

Tukatazama chini.

"Jibuni. Leo sina masharubu ya kuwatisha."

"Tumboni, Ami."

"Tumboni. Mara mbili. Unajua kwa nini, Jilani? Kwa sababu mlikuwa mnanong'ona, na mimi nikawa naitetea giaboksi yangu. Gari nililisahau. Mkunga alikuwa ananiuliza habari za wanawake wake, mimi nasikia jina langu tu. Hiki kiti utakikalia wewe wiki ijayo. Watanong'ona na wewe. Waache, uinamishe kichwa, uangalie mguu."

Hiyo, mabibi na mabwana, ilikuwa hotuba yake ya kuaga. Ile atakayoisoma leo ukumbini imeandikwa na Bi Wassila, na ina adabu zaidi.

Kuna jambo moja tena lililotushangaza, nalo lilijulikana jioni hiyo. Najoua alipokuwa anaondoka kurudi mlimani, ngozi zake zote mbili zikiwa kiti cha nyuma, alimwambia Ami Khemais apande naye. Akasita. Tulipombana, akatuambia kwamba hajawahi kufika Ain Sellem. Kwa miaka yote hiyo amerudisha huko magari yasiyo na idadi, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuka mstari wa msitu. Kila lilipotengenezwa moja, lilikuwa linasubiri jingine. Jilani alimsukuma ndani na kumfungia mlango.

Kilichotokea huko tumekipata kwa Najoua. Wanawake walilizunguka gari, wakamuuliza huyu mzee ni mgonjwa wa wapi. Akawaambia ni Ami Khemais wa giaboksi. Wakamcheka. Wakasema Khemais wanamfahamu sana kwa maneno yake mwenyewe mkunga, ana masharubu ya kutundikia ndoo, asiwadanganye kwa kuwaletea mzee aliyenyolewa. Mzee mwenyewe akawa amekaa tu kwenye jiwe, analishwa mkate wa moto na mafuta ya zeituni, anakana kwamba ni Khemais. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa, ambaye hakuwa na habari za tume wala za Alhamisi, alimwambia: "Basi ukirudi chini, baba, msalimie huyo Khemais. Mwambie gari lake tunalisikia tangu kona ya chini, na tukilisikia tunaweka maji jikoni."

Ameziwasilisha salamu hizo kwa mafundi wote, mmoja mmoja, kana kwamba zilikuwa zetu.

Kwa niaba ya karakana nzima, tunakushukuru, Ami Khemais, kwa kazi, kwa makofi ya mkono, kwa kelele za asubuhi, na kwa kuturuhusu tukuone ukikosea. Tunamshukuru Bi Wassila kwa kutuazima kwa muda mrefu mtu ambaye sasa atagundua kwamba ni mkaidi nyumbani pia. Mungu akupe afya, akupe usingizi wa asubuhi, akujalie maisha mema yasiyo na haraka.

Kama mlivyoona wakati wa kuingia, magari yote ya karakana yamepangwa uani leo kwa heshima yake, yameoshwa, na taa zinawaka. Mahali pa kwanza kwenye mstari pako wazi. Msilitafute lile dogo jeupe. Limepanda mlimani tangu alfajiri, kuna mtu alikuwa anajifungua.